Baiskeli ya resi ya kwanza kwa mtu mzima: ipi inafaa Mombasa

Mtu mzima akinijia na kuniambia anataka kuanza baiskeli ya resi, karibu kila mara huuliza kwanza ina kilo ngapi. Namjibu uzito tuuweke mwisho. Kisiwani na pwani ya kaskazini ardhi ni tambarare. Ukitoka Tudor mpaka Mtwapa, kupanda daraja la Nyali ni kazi ya dakika chache tu. Kinachoila baiskeli huku kwetu ni chumvi iliyomo hewani, na kinachomtesa mpandaji ni barabara: mchanga ukingoni, vigae vya chupa, lami iliyobonyea kwa malori ya bandarini. Kwa hiyo ninapozipanga naangalia kama inakutosha mwili, kama ina nafasi ya tairi nene kidogo, na kama fundi wa mtaani ataweza kuishika.

Ninayoiweka ya kwanza ni ya mtumba, fremu ya alumini, inayopokea tairi za upana wa milimita 28 au zaidi. Alumini haili kutu nyekundu kama chuma. Tairi ya 28 huhitaji upepo mdogo kuliko ile ya 23, hivyo inameza mashimo madogo na mgongo wako unapona. Namba imeandikwa ubavuni mwa tairi. Ukikuta 700x25, yaani gurudumu la saizi ya 700 na tairi ya upana wa 25, na penseli inapita kati ya tairi na uma kila upande, kwa kawaida 28 itaingia. Gia za Shimano Claris, zenye nane nyuma, au Sora zenye tisa, zinamtosha kabisa anayeanza, na cheni ya gia nane ni nafuu kuliko ya kumi na moja. Mbele, gia mbili za meno 50 na 34 zinatosha. Ukiwa na nia ya kupanda mpaka Mazeras, hakikisha gia kubwa ya nyuma ina meno 28 au 30.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji alegeze boliti ya nguzo ya kiti na aichomoe mbele yako. Kuna moja niliipenda sana, rangi ya buluu, haina hata mkwaruzo. Muuzaji alivuta, akazungusha kiti huku na huku, akapigapiga kwa ubao. Nguzo haikusogea hata unywele. Pale inapoingia kwenye fremu palikuwa na unga mweupe kama chokaa: chumvi ilishafanya kazi yake, vyuma viwili vimeshikana. Baiskeli hiyo hutaweza kuinua kiti wala kukishusha, na fundi akilazimisha atapasua fremu. Nilimshukuru nikaondoka.

Ya pili ni ile yenye usukani ulionyooka na magurudumu yaleyale ya 700. Kwa anayepita Kongowea saa ya soko au kuzunguka Makupa katikati ya tuktuk na matatu, hii inampa utulivu: umekaa wima, unaona mbali, vidole havitoki kwenye breki. Kama haja yako ni kwenda kazini na kurudi tu, basi kwako ndiyo ya kwanza, wala usibabaishwe na mtu. Naishusha nafasi moja kwa sababu ya upepo. Miezi ya kusi, upepo unapotoka kusini, ukielekea Mtwapa unasukumwa mgongoni, unajiona bingwa. Kurudi ndiko kazi. Upepo unakukabili kifuani njia nzima, na usukani ulionyooka haukupi pa kujikunja. Wenye usukani wa pembe, ule wa resi uliopinda kwenda chini, wanashika chini, wanainama, wanapita.

Ya tatu ni chuma cha zamani, zile nyembamba zenye vishikio vya gia kwenye bomba la chini la fremu. Nazipenda kwa moyo wote, na fremu ikipasuka, mchomeleaji mzuri anaweza kuiunga. Lakini zina mitego miwili. Kutu huanza ndani ambako huoni. Chomoa nguzo ya kiti, igeuze baiskeli juu chini, uone kama kunamwagika maji au unga mwekundu. Mtego wa pili ulininasa mwenyewe. Nyingi za zamani zina gurudumu la inchi 27, na rimu yake ni milimita 630 pale tairi inapokaa, wakati 700 ni milimita 622. Kwa macho ni sawa, lakini tairi haziingiliani. Aliyeniuzia aliniapia inakubali tairi yoyote. Tairi ya nyuma ilipochanika, nilizunguka kuanzia Mwembe Tayari hadi Kongowea wiki tano kabla ya kupata moja, tena iliyokwisha kukauka. Soma namba ya tairi kwa macho yako mwenyewe.

Ya nne ni mpya za bei ya chini zinazong'aa madukani bila jina linalojulikana. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyingi ni nzito, breki za diski zinakwaruza tangu siku ya kwanza, na grisi ndani ya vitovu vya magurudumu ni ya kupaka tu. Ukiamua hiyo, mlipe fundi afungue vitovu na kukaza spoki zote kabla hujaipanda.

Ya mwisho ni kaboni ya mtumba. Ni nyepesi, ni tamu, na ufa wake unaweza kukaa chini ya rangi bila kuonekana, kisha ikavunjika ghafla ukiwa kwenye kasi. Haifai kuwa ya kwanza kwa mtu yeyote.

Saizi ni jambo ambalo wauzaji hulipita haraka, nawe usilipite. Kwa makadirio, mwenye urefu wa sentimita 163 hadi 170 ajaribu fremu ya sentimita 52, hadi 178 ajaribu 54, hadi 185 ajaribu 56. Simama juu yake, mguu mmoja huku na mwingine huku: bomba la juu lisikuguse. Kisha ikalie, ushike juu ya vishikio vya breki. Viwiko vikinyooka kama fimbo, ni ndefu kwako hata ikiwa bei ni ya kutupa.

Pima cheni kwa rula ya shule, upande wa inchi. Weka katikati ya pini moja kwenye sifuri, uhesabu pini 24 mbele yake. Ya 24 iangukie kwenye 12 kamili. Ikipita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, utanunua cheni. Ikipita kwa moja ya nane, huenda na meno ya nyuma yamekwisha, basi punguza bei papo hapo.

Jaribu breki ukienda polepole. Zilizotoka Uingereza na Japani kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia. Zilizotoka Marekani na nchi nyingi za Ulaya iko kushoto. Jua ya kwako kabla tuktuk haijakukatia njia. Angalia pia namba iliyogongwa chini ya fremu, pale pedali zinapoungana. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka. Ikiwa ipo, iandikwe kwenye risiti.

Ukifika nayo nyumbani, ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Visima vingi kisiwani vina maji ya magadi au ya chumvi, na kuoshea hayo ni kuongeza ugonjwa. Ikaushe, kisha tone moja la mafuta kwenye kila kiungo cha cheni, ufute yanayobaki. Mafuta machafu ya injini ambayo wengi hupaka hunasa mchanga, na mchanga unasaga meno.

Usimalize pesa zote kwenye baiskeli. Bakiza robo, kwa kofia ngumu, taa ya mbele na ya nyuma, pampu, na tyubu mbili. Baiskeli za resi nyingi zina valvu nyembamba, na mashine ya upepo ya petroli steshoni haiingii humo bila kichwa kidogo cha shaba cha kugeuzia. Nunua viwili, kimoja ukiache kimefungwa kwenye valvu ya nyuma.