Hedifoni ya tatu ndiyo iliyonifaa

Kwa miaka mingi, nikiulizwa napenda sauti ya namna gani, jibu langu lilikuwa moja: yenye besi. Kila niliyemjua alijibu hivyo, nami nikajibu hivyo. Kwa hiyo hata hedifoni yangu ya kwanza ya maana, ile ya kufunika sikio zima, niliichagua kwa kigezo hicho hicho. Niliivaa dakika tatu, mdundo ukanitikisa hadi kwenye taya, nikalipa.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Wiki ya pili nikaweka wimbo ninaoujua kuliko nyimbo zote: mwanamke mmoja anaimba, gitaa la nyuzi za nailoni, gitaa la besi, na ngoma inayopigwa kwa viganja. Wimbo huo naujua hadi mahali mwimbaji anapovuta pumzi. Sasa pumzi sikuisikia. Alikuwa kama anaimbia nyuma ya pazia zito, na mpiga besi ndiye aliyekaa mapajani mwangu. Nikapandisha sauti nimsikie mama wa watu, besi nayo ikapanda, tukabaki pale pale.

Baadaye nilielewa kilichokuwa kinatokea. Sikio la binadamu lenye afya husikia kuanzia kama Hz 20 (yaani mitetemo 20 kwa sekunde) hadi Hz 20,000, na besi tunayoizungumzia ipo chini ya Hz 250 hivi. Waliotengeneza hedifoni ile hawakuinua besi ya chini kabisa peke yake. Waliiinua kwa upana, ikamwagika hadi Hz 200 na 300, na hapo ndipo sauti za waimbaji na gitaa zinapoanza kujaa. Besi ya chini ikiongezwa unaisikia kama uzito. Hii ya juu kidogo ikizidi, kila kitu kinavuma kama mtu anayeongea ndani ya pipa.

Mdogo wangu aliivaa mara moja tu. "Dada, hii ndiyo hedifoni sasa!" Akaondoka nayo, na hadi leo hajairudisha.

Nikafanya kosa la mtu aliyeungua: nikakimbilia upande wa pili. Ya pili ilikuwa ya zile za studio, iliyofungwa nyuma, inayosifiwa kwamba haifichi kitu. Na kweli haikuficha. Siku ya kwanza nilisikia vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi za gitaa, nikasikia kiti kikilia, nikajiona nimefika. Kila kitu kilimeta. Kufikia siku ya nne nikagundua kwamba baada ya dakika arobaini hivi naivua bila kujua kwa nini, nasugua masikio, narudi kwenye spika ndogo ya simu. Tatizo lilikuwa herufi moja. Kila mwimbaji alipofika kwenye "s", nilisikia kama mtu anawasha kiberiti karibu na sikio langu. Sauti ya "s" hukaa zaidi kati ya Hz 5,000 na 9,000, na hedifoni ile ilikuwa na kilima hapo hapo, yaani ilipandisha sauti za eneo hilo kuliko nyingine. Kile nilichokiita usafi siku ya kwanza ndicho kilichonichosha siku ya nne.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo, ambalo sikuwahi kuona mtu analisema wakati nachagua: mimi navaa miwani. Mkono wa miwani unapopita chini ya mto wa hedifoni iliyofungwa, unaacha mwanya, na besi hutorokea hapo hapo. Siku moja nilibonyeza kikombe cha kushoto kwa vidole viwili, kwa bahati tu, besi ikarudi upande huo kama mtu kafungua mlango. Nikaachia, ikaondoka. Nikabonyeza tena. Nilikaa pale kama dakika tano nikiifungulia na kuifungia besi kwa vidole. Maana yake ni kwamba sauti niliyokuwa naisikia haikuwa hata sauti ya ile hedifoni. Ilikuwa sauti ya hedifoni na miwani yangu. Kwa hedifoni ndogo za kuingiza sikioni ni hayo hayo: kile kimpira kisipoziba vizuri, besi hupotea, na wengi hulaumu hedifoni wakati dawa ni kubadilisha saizi ya kimpira.

Hapo nikaamua kuacha kununua kwanza. Nilichofanya ndicho ninachokushauri kuliko jina la hedifoni yoyote. Nilichukua ile ya pili, nikafungua ikwalaiza ya kwenye simu, ile ya kupandisha na kushusha besi, sauti za kati na za juu kila moja peke yake, nikaanza kujisomea masikio yangu mwenyewe. Nyimbo tano, zote za zamani kwangu. Nashusha eneo la Hz 8,000 kwa desibeli tatu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), nasikiliza, nairudisha. Napandisha besi kwa desibeli nne, nasikiliza, nairudisha. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anabonyeza, mimi nimefumba macho, nasema tu "hii" au "ile". Kila tulipobadilisha, tulirekebisha na sauti kwa jumla iwe sawa, maana sikio lina udhaifu wa kitoto: ukiliwekea vitu viwili vinavyofanana, kimoja kikiwa juu kidogo tu, litakwambia kile cha juu ndicho bora. Nadhani nusu ya hedifoni zinazopendwa kwenye majaribio ya dakika mbili hushinda kwa hilo.

Matokeo yalinishangaza. Mimi, mtu wa besi, mara zote tano nilichagua besi iliyoachwa ilivyo au iliyopunguzwa kidogo. Na mara zote tano nilitaka kile kilima cha "s" kishushwe. Nilichokuwa nakipenda kumbe kipo katikati: sauti ya mtu, mbao za gitaa, kiganja kikigusa ngozi ya ngoma kabla ya mdundo wenyewe.

Nikasoma kidogo, nikakuta si mimi peke yangu. Mtafiti Sean Olive na wenzake wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, walitumia miaka mingi kutafuta ni sauti gani ya hedifoni watu wengi wanaipenda, na utafiti wao wa 2018 uliwagawa wasikilizaji makundi matatu. Asilimia 64 walipenda mstari wao wa wastani, yaani mpangilio wao wa kiasi cha besi, sauti za kati na za juu, ambao umetengenezwa ufanane na spika nzuri zilizowekwa kwenye chumba kizuri. Asilimia 15 walitaka besi zaidi ya hapo. Asilimia 21 walitaka besi pungufu. Mdogo wangu yumo kwenye 15, mimi nimo kwenye 21, na tumelelewa nyumba moja tukisikiliza redio moja.

Ndipo nikanunua ya tatu, Sennheiser HD 600. Ni ya zamani, ilitoka 1997 na bado inatengenezwa, na iko wazi nyuma: badala ya kikombe kilichozibwa kuna wavu. Niliweka ule wimbo wangu. Mwimbaji akavuta pumzi. Basi, sikuhitaji dakika tatu. Alikuwa mbele, saizi ya mtu, si mkubwa wala si mbali. Gitaa la besi lilikuwepo, nikaweza kufuata kila noti kwa jina, ila halikunisukuma. "S" ilikuwa "s" tu. Niliivaa saa mbili na nusu bila kuivua, nikakumbuka kula baada ya kuisikia njaa.

Sasa nikwambie isichofaa, maana ninaiona inasifiwa kama ya kila mtu. Wavu ule nyuma unapitisha sauti pande zote. Ukikaa na mtu chumba kimoja, naye anasikiliza muziki wako, na wewe unamsikia akikohoa. Kwenye basi au ofisi yenye watu ni bure kabisa. Kwa safari nimebaki na zile ndogo za kuingiza sikioni, ambazo sizipendi wala sizichukii. Pia ile besi ya chini kabisa, ya Hz 30 na 40, inayotetemesha kifua, humu iko hafifu. Hedifoni nyingi za wazi ndivyo zilivyo. Anayeishi kwa hiyo asipoteze muda wake hapa. Tena ina omu 300, yaani ukinzani mkubwa wa umeme. Simu nyingi zitaicheza, lakini utajikuta umesukuma sauti karibu na mwisho na bado unataka zaidi. Mimi natumia amplifaya ndogo ya USB, ya ukubwa wa kidole, imetosha. Usichague hedifoni kwa kuangalia omu peke yake, lakini ukiona 250 au 300, jiulize utaichezea kwenye nini.

Jambo la mwisho lililonikosesha usingizi kidogo ni hili. Usiku nasikiliza kwa sauti ndogo sana, na kwa sauti ndogo hata HD 600 nilianza kuiona nyembamba. Hapa hedifoni haina kosa. Tangu 1933, watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti inavyoshuka, sikio hupoteza besi mapema kuliko sauti za kati. Kwa hiyo mtu anayejaribu hedifoni kwa sauti kubwa halafu nyumbani anasikiliza kwa kunong'onezewa, amejaribu kitu kingine. Nami nilifanya hivyo mara mbili. Siku hizi usiku naongeza besi desibeli tatu kwenye ikwalaiza, mchana naitoa. Kupandisha sauti kwa jumla sikutaka. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndio mpaka wa mtu mzima, na mimi kwa saa nakaribia huko.

Juzi mdogo wangu alikuja, ile ya kwanza iko shingoni. Nikamvisha hii, nikamwekea ule wimbo, nikamwangalia usoni. Alisikiliza hadi mwisho, heshima hiyo alinipa. Halafu akaivua taratibu kwa mikono miwili.

"Dada, mpiga besi umempeleka wapi?"

Nikamwambia amekaa pale anapostahili. Akacheka, akavaa yake, akaongeza sauti, nami nikaisikia ikivuma kutoka upande wa pili wa kochi. Nikavaa yangu.