Uzoefu wangu na Since I Left You ya The Avalanches (angalia umepata toleo lipi)

Wadau hii albamu nimeisikiliza zaidi kwenye meli ya kutoka Mwanza kwenda Nansio, Ukerewe, maana safari ni ndefu na ukishafika katikati ya ziwa mtandao unakata, kwahiyo kama unataka kuijaribu idaunlodi kabisa ukiwa bado mjini. The Avalanches ni majamaa wa Melbourne, Australia, hii ndo albamu yao ya kwanza na ilitoka 2000. Ni nyimbo 18, karibu lisaa lizima, na zote zimeungana, hujui moja imeisha saa ngapi nyingine imeanza saa ngapi. Kama app yako inaweka ukimya kidogo kati ya wimbo na wimbo imekula kwako, nenda kwenye setingi uondoe kwanza, na shafo (ile ya kuchanganya mpangilio wa nyimbo) usiiguse kabisa.

Sasa utamu wake uko kwenye sampo. Karibu kila sauti humo imetoka kwenye rekodi ya mtu mwingine. Kama ulicheza Stronger ya Kanye West 2007 basi ushaonja hii habari, yeye alichukua kwa Daft Punk na Daft Punk nao walichukua kwa Edwin Birdsong, ila hawa wa Melbourne wamezidi. Walikuwa wanaingia maduka ya santuri zilizotumika wanabeba zile ambazo hakuna anayezitaka, yaani kama soko la mtumba la Mlango Mmoja hapa Mwanza kabisa, unachambua mtumba mpaka chini ndo unakutana na shati la maana, afu wanakata vipande vidogo vidogo wanavipanga upya. Namba inayotajwa sana ni sampo 3,500 hivi, mimi nadhani hata wenyewe hawajawahi kukaa wakahesabu. Anza na Frontier Psychiatrist utanielewa: maongezi ya wachekeshaji wa Kanada, Wayne and Shuster, orkestra inakuja nzito nyuma yao, mara farasi analia, na biti haijaachia hata kidogo. Mimi nilicheka peke yangu kwenye siti mpaka abiria wa pembeni akanigeukia.

Shida ya sampo ni kibali. Australia waliipata Novemba 2000 chini ya lebo ya Modular, Uingereza mpaka 2001, Marekani ndo mwishoni kabisa mwa 2001, kwasababu kwenye yale masoko makubwa ukiuza kipande cha mtu bila mwenyewe kusaini unashtakiwa mpaka ukome. Basi ikabidi waanze kuomba. Madonna alikubali, besi ya Holiday yake ya 1983 imo kwenye Stay Another Season, na huyo mama kuruhusu sampo lilikuwa jambo la ajabu kipindi hicho. Wengine wakagoma, ikabidi sehemu zingine zibadilishwe kwenye toleo la nje. Kwahiyo mtu akiniambia "nimeisikia hiyo" namuuliza ya wapi? Maana walivyoitengeneza wao chumbani na kilichopita kwa mawakili si kitu kimoja, na sisi huku hatuna toleo letu, tunapewa tu lililokuja.

Wajapani ndo wana raha zao. CD za kwao zinauzwa kwa bei iliyopangwa, huwezi kushusha, za kutoka nje zikawa zinauzwa rahisi kuliko za nyumbani, so lebo zikazoea kuwawekea wimbo wa nyongeza kwenye toleo la Japani ili wasikimbie. Ndo maana ukifuatilia msanii yeyote wa elektroniki utakuta wimbo mmoja mkali unaambiwa uko Japani tu. Inakera.

Ubaya sasa. Besi haipigi kifua, kwa spika ya simu utaona makelele tu, vaa hedifoni. Walozoea singeli wataona inatembea taratibu ingawa kazi ni ndugu kabisa, prodyuza wa singeli naye si anachukua kipande cha taarabu anakikimbiza? Na katikati kuna sehemu inazunguka palepale mpaka unasahau unasikiliza nini, hapo ndo nilisinzia.

Halafu kava. Wamechora meli ya Vestris inazama, ile iliyozama kweli 1928, mchoro wa Fred Dana Marsh. Mwaustralia ataona sanaa, ila mtu wa Mwanza ambaye Mei 21 ya 1996, siku MV Bukoba ilipozama, haijamtoka kichwani haoni sanaa hapo. Mama mmoja kakaa nyuma yangu kaiona kwenye kioo cha simu, akaniambia "ng'wanawane (mwanangu), toa hiyo picha tuko majini." Nikageuza simu fasta, nyimbo zikaendelea.

Kwa jumla naipa nne na nusu kwa tano. Kama kuna mtu hapa Mwanza au hata Bukoba na Musoma ana CD ya Australia ile ya mwanzo aje inbox, iwe na mikwaruzo sijali ilimradi inasoma, bei tutaongea.