Unga wa kuzuia moto kwenye paneli za mkonge na rezini: uzoefu wangu hapa Mbeya

Wadau habari zenu. Naandika hii kwa ajili ya wenzangu mnaotengeneza vitu vya mkonge na rezini (ile plastiki ya maji inayoganda ikichanganywa na hadena), maana naulizwa sana na kwa Kiswahili hii habari ni ngumu kuipata. Mimi niko Iyunga, nina karakana ndogo ya faiba, natengeneza paneli za vibanda, milango midogo na vipande vya bodi za bajaji. Mkonge niliuingiza badala ya faiba ya kioo kwa sababu ni mwepesi, hauwashi ngozi na unalimwa hapahapa nchini.

Shida yake ni moto. Singa za mkonge zina selulosi nyingi, zikifika kwenye nyuzi joto 300 hivi zinavunjika na kutoa gesi inayowaka, na rezini ya poliesta yenyewe inawaka vizuri tu na moshi wake ni mweusi tii. Ukiwa Mbeya hili huwezi kulichukulia poa, soko la Mwanjelwa liliteketea 2006, la Sido likateketea 2017, na hapa mjini ni kazi kumkuta mtu asiyemjua mtu aliyepoteza mtaji pale. Sasa wateja wangu wengi ni wauza chipsi, paneli inakaa pembeni ya jiko na karai la mafuta yanayochemka. Mama mmoja wa Kabwe kabla hata hajauliza bei aliniambia "mwanangu, hiki kikishika moto mimi natoka?" Nikamwambia anipe muda.

Nilichoagiza Dar ni unga mweupe unaitwa alumini haidroksidi, madukani wengi wanaufupisha ATH, unakuja na basi kwenye mifuko ya kilo 25. Kazi yake ni rahisi kuielewa, karibu theluthi ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani, ukipata joto la kama nyuzi 200 na kidogo unaanza kuyaachia kama mvuke, mvuke unapooza paneli na kupunguza makali ya gesi inayowaka, na kinachobaki juu ni majivu meupe magumu yanayoziba moto usiingie ndani. Hauna klorini wala bromini, kwa hiyo hautoi ule moshi wa sumu wa dawa nyingine za kuzuia moto, na kwa mtu anayefanya kazi ndani ya kibanda cha mita mbili hilo kwangu lina uzito kuliko kitu kingine chochote.

Ubaya wake unahitaji mwingi. Ukiweka kidogo unajidanganya, mimi naweka kilo ya unga kwa kilo ya rezini, na hapo mchanganyiko unakuwa mzito kama uji wa ulezi, brashi haiteremki, singa hazinywi vizuri na viputo vya hewa vinabaki ndani. Dawa ni kutandaza mkonge kwa tabaka nyembamba na kukandamiza kwa rola kila tabaka, polepole, usikimbilie kumwaga asetoni ili kulainisha maana paneli inakuja kuwa dhaifu. Halafu unga unameza lile joto la rezini inapoganda, sasa ongeza na baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, paneli ya jioni unaikuta asubuhi bado inanata. Mimi kipindi hicho napasha chumba kwanza kisha naondoa jiko nje kabisa ndo nafungua rezini na hadena, hivyo vitu na moto wa wazi havikai chumba kimoja hata kwa dakika.

Majaribio nafanya kwa kuiga kile kipimo cha Marekani cha kuwaka kwa plastiki, UL 94, nakata kipande chembamba, nakibana kisimame wima, chini naweka pamba, nawasha bena ya gesi sekunde 10 naondoa, kikizima narudia tena sekunde 10. Si maabara, ila unaona kwa macho yako. Kipande bila unga kiliendelea kuwaka mpaka juu, masizi yakawa yanaelea chumbani kama nyuzi. Kipande chenye unga moto ulikufa mara tu nilipoondoa bena, uso ukawa mweupe, pamba haikuguswa. LAKINI angalia kingo, pale singa zilipochungulia nje baada ya msumeno, palibaki vidoa vyekundu vinavyofukuta taratibu kuelekea ndani bila mwali wowote, na hicho ndo kinachoniogopesha, kibanda kimefungwa usiku, mtu kaenda nyumbani, kitu kinafukuta.

Hapo ndipo ikaja boraksi na asidi ya boriki, unga mweupe wa aina mbili wenye madini ya boroni. Naziyeyusha kwenye maji ya moto zote mbili pamoja, zikiwa pamoja zinayeyuka vizuri kuliko kila moja peke yake, naloweka mkonge, natoa, naanika mpaka ukauke kabisa kabisa, maana unyevu ukibaki rezini haishiki. Boraksi inazuia mwali kutambaa, asidi ya boriki inazuia kufukuta, ndo maana zinaenda pamoja. Nilipochoma kingo za paneli ya mkonge uliolowekwa vile vidoa vyekundu vilizima vyenyewe. Vaa glovu na barakoa, na dada zetu wajawazito wasishike hii kazi, asidi ya boriki si nzuri kwao. Na kwa kuwa inayeyuka kwenye maji, kingo zote lazima zipakwe rezini, hasa kwa watu wa Tukuyu ambako mvua haikauki.

Jamaa wa Uyole waliniuliza kwa nini nisiloweke kwenye mbolea ya DAP ambayo kila mkulima anayo stoo. Swali la maana sana, DAP ni fosfeti ya amonia na kweli inazuia moto, Mfaransa Gay-Lussac alishaipendekeza 1821 pamoja na boraksi kwa vitambaa vya majumba ya maigizo. Nimeijaribu, mkonge unageuka mkaa bila kutoa mwali, safi. Ila ile ya dukani inaacha matope, inavuta unyevu wa hewa, inakula misumari, na singa zinakuwa zinakatika ovyo. Kwa paneli ya kuuza mimi hapana.

Yule mama nilimpa jibu kamili, kwamba hakuna paneli ya mkonge isiyoungua, hii inampa muda wa kuzima na kutoka, na nyuma ya jiko lazima akae na bati lenye nafasi ya hewa. Akachukua. Ni nzito kuliko ya zamani na ukiipiga nyundo inapasuka haraka zaidi, nalo nilimwambia.

Kwa wanaotaka kuagiza, muhimu kuliko bei ni kujua umeletewa nini. Kuna muuzaji alinitumia mfuko hauna hata lebo, unga mweupe uleule kwa macho. Nilikamulia ndimu ukatoka povu, yaani unga wa mawe ya chokaa tu, ATH haitoi povu. Njia nyingine weka kijiko kimoja kwenye kopo kavu la bati, pasha kwa gesi, shikilia kipande cha kioo juu, ATH inalowesha kioo matone kabisa. Jipsamu nayo inalowesha, kwa hiyo dai karatasi ya kiwandani inayoonyesha jina na ukubwa wa chembe, ukiwa laini mno rezini inakuwa nzito zaidi.

Mimi naendelea kuutumia unga wa ATH. Kama kuna mdau wa Makambako, Njombe au Iringa naye anaagiza, tuunganishe mizigo maana nauli ya mfuko mmojammoja inaumiza.