Wamenivurugia springi zangu, kisha wakaniita mzee

Nilikuwa nataka kuwasifu hawa jamaa wa banda la gemu hapa Tudor, Mombasa. Kiti hakichezi, usukani ni mzito kama wa gari la kweli, na feni inafanya kazi. Lakini jioni ile, wiki mbili tatu zilizopita, walinipandisha mori.

Mcheza Gran Turismo 7, ile gemu ya mbio za magari, atanielewa. Gari halitengenezwi mara moja likafaa kila mahali. Monza, uwanja wa mbio wa Italia, ni tambarare, imenyooka kwa masafa marefu, basi pale gari nalishusha hadi karibu lilambe lami na springi nazikaza. Lipeleke hivyohivyo Nordschleife, uwanja wa Ujerumani, uone: zaidi ya kilomita 20 za milima na kona, na ukifika kilima cha Flugplatz gari laruka, likitua tumbo lagonga chini na usukani haukusikii tena. Ni kama kushuka feri ya Likoni na gari lililokatwa springi, maji yamekupwa.

Kwa hiyo nilikuwa na mitindo miwili ya kuliseti gari, kila uwanja na wake, nimeipanga jioni baada ya jioni kwa pesa yangu, nikaihifadhi kwenye mashine yao. Kijana wa kaunta mwenyewe aliniambia haitaguswa.

Ijumaa moja baada ya Isha nafungua, namba si zangu. Springi za nyuma zimelegezwa, gari limeinuliwa, stabilaiza ya nyuma, ile ya kuzuia gari kulala kwenye kona, kama haipo. Nikamuuliza kwa upole. Wallahi kwa upole. Hata macho hakuyatoa kwenye simu: "Mzee, hiyo ni gemu. Wataka springi, nenda gereji Changamwe."

Banda zima likacheka. Mzee! Nina miaka 31. Samahani tu ingetosha, tena ya bure, lakini nayo ilimshinda.

Saa nzima nilikuwa nishailipia, nikasema haiendi bure. Nikaingia Nordschleife na uharibifu wake ule ule, nia yangu gari lipinduke mbele ya watu waone alichofanya. Flugplatz ikaja, nikaushika usukani nikingoja kishindo. Gari likaruka, likatua kama paka. Kona zilizofuata, ile nyuma iliyozoea kunikimbia ikatulia tuli. Kufika mwisho nimepunguza sekunde nne kwenye muda wangu bora.

Sikumwambia, na sitamwambia.

Nilitaka kuwapa nyota moja. Usukani peke yake wastahili nne. Nikikumbuka kile kicheko, narudi kwenye moja. Msiende. Au nendeni mchana, akikaa dadake kaunta. Yule hukuuliza hata kama wataka maji. Mimi mwenyewe nimesharudi mara mbili, lakini ni kwa sababu ya usukani.

Zile namba zake nilizipiga picha kwa simu kabla sijatoka. Hilo asilijue.