Nimeuziwa jalada la Pekinška Patka, ndani mna santuri nyingine

Sitanunua tena santuri kwenye kile kiduka, na ningekuwa na uwezo ningesimama mlangoni kuwazuia wengine wasiingie. Nimeishi Novi Sad, Serbia, miaka kadhaa, Kiserbia nakiongea vizuri, si mgeni wa kubabaishwa. Lakini yaliyonikuta majira yale ya baridi, nikiyakumbuka mpaka leo damu inanichemka.

Nilikuwa natafuta Plitka poezija, albamu ya kwanza ya Pekinška Patka, bendi ya panki ya hapa Novi Sad, ile iliyotolewa na kampuni ya Jugoton mwaka 1980. Nilitaka santuri yenyewe ya enzi hizo. Haikuwa ya kwangu, ilikuwa ya Baba, yuko Tanga. Baba alisoma uhandisi hapa hapa Novi Sad enzi za Yugoslavia, wakati nchi zisizofungamana na upande wowote zikishikana mikono na vijana wetu wakipata nafasi za masomo huku. Bendi hii ilipoanzishwa mwaka 1978 alikuwepo. Nimekua nikisikia habari za Čonta, yule mwimbaji, Nebojša Čonkić kwa jina kamili, na habari za ule wimbo wao "Bolje da nosim kratku kosu", yaani afadhali niwe na nywele fupi, wakati wapenzi wa roki walikuwa wanafuga nywele hadi mabegani. Baba akiusimulia lazima acheke. Anasema walikuwa wanapiga mbiombio kama watu wanaowahi basi la mwisho, na ukumbini hakuna aliyebaki amekaa.

Basi nikaliona jalada lenyewe. Limechakaa, kona moja imeliwa, lakini ndilo. Nikalipa bila kuvutana bei. Nilitaka kuichomoa santuri niikague, mwenye duka akakataa, alikuwa ameifunga kwa nailoni na gundi. Akasema ukifungua umenunua.

Nyumbani nikachana nailoni. Ile karatasi ya duara katikati ya santuri imeandikwa Strah od monotonije. Bendi ile ile, albamu ya pili, ya mwaka 1981.

Kesho yake nikarudi. Nikamwamkia kwa heshima, kwa umbo la wingi, jinsi wao wanavyosema na mtu mzima. Hakuinua macho. Alikuwa anamenya chungwa, maganda anayapanga juu ya kaunta moja moja. Nikamweleza. Akanijibu, "Patka ni Patka. Wewe utajua tofauti gani? Kwenu si ngoma tu?"

Kulikuwa na wateja wawili. Mmoja akageukia dirishani.

Nikamwambia tofauti naijua. Kwenye albamu ya kwanza yumo Sreten Kovačević kwenye gitaa. Kwenye hii ameshaondoka, gitaa analo Zoran Bulatović, yule aliyekuja kupiga kwenye bendi ya Luna. Nikamwambia na ngoma pia nazijua, na siyo tusi. Akala kipande cha chungwa. Akasema pesa harudishi, na hiyo ya kwanza hana. Sasa kama hana, jalada lake alilipata wapi, na aliliuzaje? Angesema amekosea, basi, ningemsamehe pale pale. Watu hukosea. Lakini kumdharau mteja uliyemuibia!

Nikaiweka santuri kwenye gramafoni kwa nia ya kutafuta mikwaruzo, nipate la kumlaumu zaidi. Mikwaruzo ipo, upande wa kwanza sindano iliruka mara mbili. Nikaacha kuhesabu. Besi imekuja mbele, nzito, gitaa la baridi kabisa, na Čonta hafanyi tena mzaha. Ni mtu mwingine. Mwaka mmoja tu umepita kati ya albamu hizi mbili! Ile ya kwanza niliizoea kwa kuisikiliza mtandaoni, ni panki ya kurukaruka, na nilijua hii ya pili imekwenda upande wa giza, ila sikuwahi kuikalia chini nikaisikiliza yote. Nikaipiga mara tatu usiku ule. Hapo nikasema, haya, pesa yangu haikupotea, pengine hii ndiyo kazi yao bora.

Nikampigia Baba, nikasogeza simu karibu na spika. Yeye alirudi nyumbani kabla albamu hii haijatoka, kwa hiyo hajawahi kuisikia maishani. Alinyamaza muda mrefu nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Mwanangu, hawa wamepatwa na nini? Nimewaacha wanacheka."

Sikuwa na jibu. Nikamweleza ninachokijua, kwamba mwaka huo huo wa 1981 bendi ilivunjika, kwamba Čonta alihamia Kanada, kwamba mwaka 2008 walirudi jukwaani kwenye tamasha la Exit, pale kwenye ngome ya Petrovaradin. Baba alitaka kujua kama pale Exit walicheka. Halafu akasema nirudie upande wa pili.

Kwa hiyo kuhusu muziki, tafuteni zote mbili, na msimsikilize anayesema bendi ya albamu mbili haina historia. Nilitaka kusema hii ya pili inatosha peke yake. Haitoshi. Baba ana miaka sabini na kitu, na alichoniomba ni kicheko kile alichokiacha hapa, kwenye santuri anayoweza kuishika mkononi. Santuri hiyo haipo. Nina jalada lake tupu, na bado namdai yule bwana.