Chumvi ya pakiti au chumvi ya kupima?

Sokoni Mbuyuni, Moshi, chumvi ya kupima hukaa wazi kwenye beseni, juani. Ya pakiti imefungwa na kuandikwa "madini joto", yaani ina iodini. Mimi nasema nunueni ya pakiti. Tezi ya shingo hutengeneza homoni zake kwa madini hayo. Yakipungua huvimba ikihangaika kuyanasa, ndiyo goita. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250, maana ubongo wa mtoto tumboni unayategemea. Jua na unyevu huyapunguza, kwa hiyo hata ya pakiti itunzeni kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jiko. Ya kupima inashinda kwa bei tu. Nyumba yenye mvuta sigara ndiyo naisihi zaidi: thayosayaneti, kemikali itokanayo na moshi wa sigara, huzuia madini joto kuingia kwenye tezi.