IRFZ44N, IRLZ44N au AO3400A: mosifeti gani ya kuwashia pampu?

Haya wapendwa, karibuni mezani. Leo nina mosifeti tatu, yaani swichi za kielektroniki zenye miguu mitatu, ESP32 (kibodi kidogo chenye kompyuta ya kuziamuru), ndoo ya maji, na pampu ndogo ya volti 12 inayokula kama ampea 2.

Tuanze na IRFZ44N, maana ndiyo utakayopewa dukani ukitaja tu neno mosifeti. Volti 55, ampea 49. Ukiona hiyo 49 unasema, si itabeba hata pampu kumi? Sasa tazameni. ESP32 inapeleka volti 3.3 kwenye geti, mguu wa kuamuru, nawasha... mmesikia huo mlio? Pampu inajikongoja kama mtu aliyekosa chai ya asubuhi. Naweka multimita kati ya dreni na sosi, miguu miwili ambamo umeme wa pampu unapita: volti 2 na ushee. Hizo pampu haizipati, zinageuka joto humu ndani. Nazima haraka. Wiki iliyopita ilinibabua kidole, alama hii hapa.

Mosifeti haina kosa. Datashiti, yaani karatasi ya vipimo ya kiwanda, inaahidi ukinzani wa miliomu 17.5 ikiwa imewaka, ila soma maandishi madogo ya pembeni: geti iwe na volti 10! Kizingiti chenyewe, volti za geti ambapo inaanza kufunguka, kimeandikwa volti 2 hadi 4, na hapo mlango umefunguka ufa tu, inapita mikroampea 250. Najua kuna atakayeniandikia kwamba yake inafanya kazi vizuri na Arduino ya volti 5. Nakubali kabisa. Kaangukia yenye kizingiti cha chini, na ya pili kutoka pakiti hiyohiyo inaweza kumkatalia.

Hapa ndipo LTspice, programu ya kujaribia saketi kwenye kompyuta, inapowadanganya watu. Programu ni nzuri, tena ya bure. Ukishika Alt ukabofya mosifeti inakuchorea wati zinazopotea. Lakini modeli ina kizingiti kimoja tu. Kwa hiyo mimi hufungua faili la modeli, natafuta VTO, ndicho kizingiti, naipandisha mpaka 4, kisha naendesha upya. Mchoro ukiharibika, hiyo mosifeti siinunui kwa kazi hiyo. Na pampu usiichore kama rezista peke yake, ongeza koili, halafu ondoa dayodi inayowekwa sambamba na pampu uone volti za dreni zinavyoruka pampu inapozimwa. Ukishaona hilo hutaisahau dayodi tena. Mimi naweka 1N5822.

IRLZ44N: hiyo L ina maana yake, ni ya "logic level", geti linaloamuriwa kwa volti ndogo. Inaahidi miliomu 25 kwa volti 5, na 35 kwa volti 4. Kwa Arduino Uno chukua hii, usihangaike. Kwa ESP32 hapana, ahadi inaishia volti 4 na sisi tuna 3.3. Nimeijaribu ikawaka, lakini kwenye kitu cha mteja nisingeiweka.

Hii ndogo kama punje ya mchele ni AO3400A. Volti 30, miliomu 48 hata geti likiwa na volti 2.5. Ampea 2 mara 2 mara 0.048, haifiki wati 0.2. Kuichomelea kunahitaji kibano na macho, hilo siwafichi, na geti lake lisivuke volti 12. Rezista ya kilo-omu 10 kutoka geti hadi sosi, ili ESP32 ikijiwasha upya pampu isishtuke.

Nawasha... sikia hiyo. Naigusa kwa kidole kilekile. Vuguvugu tu. Subirini kidogo nizime, ndoo inamwagika mezani.